Kadi na Daftari: Namna ya Kufundisha Kazi ya Mkalimani wa Hifadhidata

Makala haya yamekusudiwa wanachuo watakaopangiwa shule zenye kompyuta, hata kama ni moja tu iliyoko ofisini kwa mwalimu mkuu, na ambao kwa sababu hiyo watakabidhiwa kumbukumbu za wanafunzi. Aghalabu kazi hiyo hupewa mwalimu mgeni aliye kijana, kwa dhana kwamba ujana na kompyuta huzaliwa pamoja. Tutaeleza namna programu za leo zinavyosoma na kuandika katika hifadhidata kwa kupitia mkalimani, na namna jambo hilo linavyoweza kufundishwa kwa kadi za manila na daftari moja kubwa kabla mashine haijawashwa.

Kwanza yafaa nieleze kosa nililolifanya mwenyewe, kwa kuwa somo zima limetokana nalo. Nilikuwa nikiisaidia shule moja ya msingi kutunza orodha za wanafunzi na alama zao kwa programu ndogo niliyoiandika kwa lugha ya Python, nikitumia zana iitwayo Django. Mwalimu mmoja akahamishwa katikati ya mwaka, na mwalimu mkuu akaamua mikondo miwili ya Darasa la Sita iunganishwe: wanafunzi 48 wa 6B waingie 6A, na mkondo wa 6B ufutwe. Niliandika mistari ya kuwahamisha, nikatazama kioo cha kompyuta, nikaona kila mtoto ameandikwa 6A. Ndipo nikaufuta 6B. Nilitarajia mashine ijibu kwamba imefuta kumbukumbu 1. Ilijibu 625.

Hesabu yake si ngumu: mkondo 1, wanafunzi 48, na alama 576, maana kila mwanafunzi alikuwa na masomo 6 na mitihani 2. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa imechukuliwa kabla ya mitihani. Majina yalirudi. Alama za masomo matano tulizinakili upya kutoka katika madaftari ya walimu, kazi iliyotuchukua siku tatu. Alama 96 za Sayansi hazikurudi, kwa sababu mwalimu aliyehamishwa ndiye aliyekuwa akilifundisha somo hilo, na daftari lake halikupatikana. Siku ya kugawa ripoti msichana mmoja alinijia na karatasi yake, akaonyesha kistari kilichokuwa mahali pa namba, akauliza alama zake za Sayansi zimekwenda wapi, kwani alizipata na aliziona zimeandikwa. Sikuwa na jibu ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili angeweza kulielewa. Na kwa kweli, siku ile hata mimi nilikuwa sijalielewa vizuri.

Sikubonyeza mahali pasipofaa, wala mashine haikuharibika. Nilitazama kadi nikidhani natazama daftari.

Ili mwanachuo aelewe maneno hayo, hana budi kujua kwamba kumbukumbu katika programu za leo huishi katika lugha mbili. Lugha ya kwanza ni ya majedwali. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala akipendekeza kwamba hazina kubwa za kumbukumbu zipangwe katika majedwali, na kwamba mtu atakaye habari aseme anataka nini, bila kulazimika kujua habari hiyo imelazwa wapi ndani ya mashine. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alipaswa kuifuata njia yenyewe, kutoka fungu hadi fungu, mpaka aifikie. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo hujulikana kwa jina la SQL. Mwalimu wa shule ya msingi asiogope mambo haya. Rejista ya uandikishaji iliyoko ofisini kwa mwalimu mkuu ni jedwali: kila mtoto na mstari wake, kila habari na safu yake.

Lugha ya pili ni ya vitu. Nchini Norway, katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula, ambamo programu hujengwa kwa vitu vinavyobeba habari zao na kujua matendo yao. Mwanafunzi katika lugha ya namna hii si mstari katika jedwali. Ni kitu chenye jina, chenye mkondo, chenye alama, na ukikiuliza wastani wake kitakokotoa. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni mojawapo ya lugha zilizorithi fikra hiyo.

Lugha hizi mbili hazilingani. Katika majedwali mwanafunzi habebi alama zake: alama zimo katika jedwali lao, na kila moja imeandikiwa namba ya mwanafunzi anayeimiliki. Kwa hiyo lazima awepo wa kuyageuza maneno ya huku yawe maneno ya kule. Programu ifanyayo kazi hiyo huoanisha vitu na majedwali, na mafundi huiita kwa herufi tatu, ORM. Sisi chuoni twaiita mkalimani. Hibernate, iliyoanza mwaka 2001, ni mkalimani wa lugha ya Java. Yule aliyemo ndani ya Django alizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, huko Lawrence, Kansas, nchini Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kazi hiyo mwaka 2003. Ilitolewa hadharani Julai 2005, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Waandishi wa programu wa gazeti huagizwa asubuhi kazi itakiwayo jioni, na walichokitaka ni kuacha kuandika maombi yaleyale ya SQL kila siku. Jambo hilo likumbukwe: mkalimani aliundwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiijua lugha ya majedwali na waliochoka kuirudia. Hakuundwa kwa ajili ya watu wasioijua.

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Lahitaji vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana. Vifaa ni daftari kubwa moja, kadi za manila zipatazo ishirini, vipande vya karatasi, penseli na kifutio. Wachaguliwe wanachuo watatu. Wa kwanza ni Mtunza Daftari, naye aketi nyuma ya kabati au nje ya mlango. Wa pili ni Programu, asimame mbele ya darasa penye meza ya kadi. Wa tatu ni Mkalimani, aendaye na kurudi. Sheria ni mbili: Programu haruhusiwi kuliona daftari, na Mtunza Daftari haruhusiwi kuziona kadi. Mwalimu atakayeilegeza sheria hiyo kwa kuwahurumia wanachuo ataliua somo.

Daftarini wanachuo wachore majedwali mawili, la mikondo na la wanafunzi. Kila mstari uwe na namba yake, na katika mstari wa mwanafunzi pawepo safu ya namba ya mkondo wake. Hapa yatokea swali zuri: kwa nini namba, na majina yapo? Waacheni wajibu wenyewe. Katika shule zetu si ajabu kuwakuta akina Amina Juma wawili katika darasa moja, na hata Baraza la Mitihani la Tanzania humtambua mwanafunzi wa shule ya msingi kwa namba ya PReM, wala si kwa jina peke yake. Msikawie hapo; wanachuo hulielewa upesi.

Kisha Programu aseme, “Niletee wanafunzi wa 6B.” Mkalimani aandike ombi katika kipande cha karatasi, alipeleke nyuma ya kabati, asubiri Mtunza Daftari asome mistari inayohusika, anakili, arudi, na kwa kila mstari aandike kadi moja. Kadi zikishapangwa mezani, simamisheni mchezo na kuuliza: Amina yuko wapi sasa? Mmoja atasema mezani. Mwingine atasema daftarini. Majibu yote mawili yaandikwe ubaoni, na mwalimu asubiri, kwa kuwa kwa kawaida huchukua dakika kadhaa kabla mwanachuo mmoja hajasema kwamba Amina yuko nyumbani kwao, au ameketi darasani, na kwamba vilivyopo hapa ni mstari unaomhusu na kadi iliyonakiliwa kutoka katika mstari huo. Jibu hilo ndilo moyo wa somo. Wapo watatu: mtoto, mstari, na kadi. Kadi ikibadilika, mstari haubadiliki kwa sababu hiyo. Mstari ukifutwa, mtoto hafutiki. Bali shule haimjui tena.

Mpeni Programu penseli, aifute 6B katika kadi na kuandika 6A. Waulizeni wanachuo wote daftari lasemaje. Katika kila darasa nililolifundisha, walio wengi wamejibu 6A. Msiwasahihishe kwa mdomo. Atumwe mmoja akatazame nyuma ya kabati, arudi awaambie.

Hapo ndipo mistari ya programu iandikwe ubaoni kwa mara ya kwanza. Hii ndiyo niliyoiandika siku ya kosa langu:

for m in wanafunzi:
    m.mkondo = sita_a

Mstari wa kwanza wasema, kwa kila mwanafunzi aliyemo katika orodha. Wa pili wasema, mkondo wake na uwe 6A. Ni mistari sahihi, na mashine haikulalamika. Nilipoitazama orodha ile kwenye kioo, nilioneshwa kadi zilezile nilizozibadilisha, kwa kuwa Django ikishaisoma orodha huishika mezani na hairudi daftarini mpaka iombwe upya. Uliokosekana ni mstari mmoja tu:

    m.save()

Maana yake ni kumwambia Mkalimani aichukue kadi, aende nayo nyuma ya kabati, na kuuandika mstari upya. Kama kadi haina namba bado, yaani ni ya mtoto mpya, Mtunza Daftari huongeza mstari na kurudisha namba. Kama inayo, huurekebisha mstari wenye namba hiyo. Ipo pia njia fupi zaidi, ambayo leo ndiyo ningeitumia, nayo ni kumwagiza Mkalimani mara moja kwamba wote walio 6B waandikwe 6A, bila kutengeneza kadi hata moja:

wanafunzi.update(mkondo=sita_a)

Mchezo uendelee kwa kumwita Programu wa pili. Katika shule hilo hutokea kila siku, mwalimu wa zamu akiwa kwenye kompyuta na mwalimu mkuu akiwa kwenye simu yake, wote wawili katika mfumo mmoja. Kila Programu apewe kadi ya Amina, zote mbili zikiwa zimenakiliwa kwa wakati mmoja. Wa kwanza asahihishe jina la mzazi, kisha aseme hifadhi. Wa pili asahihishe namba ya simu, kisha naye aseme hifadhi. Mtunza Daftari asome mstari kwa sauti. Namba ya simu ni mpya, lakini jina la mzazi limerudi lilivyokuwa. Hakuna aliyelirudisha kwa kusudi: kadi ya pili ilikuwa na jina la zamani, na Django, isipoelekezwa vinginevyo, huandika safu zote za kadi hata kama imebadilishwa safu moja. Dawa ni kumwambia Mkalimani ni safu ipi ya kuandikwa:

m.save(update_fields=["simu"])

Nimeona wanachuo wakibishana juu ya jambo hili hadi kengele ya chakula, wengine wakisema kosa ni la Programu wa pili, wengine la Mkalimani. Msikate shauri mapema. Mabishano hayo yana faida kuliko maelezo yangu.

Kuhusu mwendo wa tarishi nitasema machache tu, kwa kuwa waliopo ofisini huuona wenyewe pale mashine inapokuwa nzito. Programu akitaka kusoma majina ya wanafunzi 48 pamoja na jina la mkondo wa kila mmoja, na asiposema mapema kwamba atahitaji mikondo, Mkalimani ataleta kwanza orodha ya wanafunzi, kisha atarudi nyuma ya kabati mara moja kwa kila mwanafunzi kuuliza jina la mkondo wake, hata kama wote wamo katika mkondo mmoja. Ni safari 49. Katika mchezo tunatumia kadi tisa, na darasa huanza kucheka kwenye safari ya nne. Programu akisema tangu mwanzo, kwa neno select_related, kwamba alete wanafunzi pamoja na mikondo yao, safari inakuwa 1. Wanachuo wakiuliza kwa nini Mkalimani hakufikiri hivyo mwenyewe, jibu ni kwamba hakujua Programu angeuliza nini baadaye.

Jambo la mwisho katika mchezo ni kufuta. Programu aseme, “Ufute mkondo wa 6B.” Lakini nini kifanyike kwa mistari ya wanafunzi iliyoandikiwa namba ya mkondo huo? Haiwezi kuachwa ikionyesha namba isiyokuwapo tena. Mwandishi wa programu ndiye huamua, na tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017 Django humlazimisha aamue kwa maandishi. Akiandika CASCADE, kifutwacho huondoka na vyote vinavyokitegemea, na vinavyovitegemea hivyo pia: mkondo huondoka na wanafunzi, wanafunzi huondoka na alama. Akiandika PROTECT, Mkalimani hurudi mikono mitupu na kusema hawezi kufuta maadamu wapo wanafunzi wanaoutegemea mkondo. Mimi niliandika CASCADE kwa sababu mfano nilioufuata uliandika hivyo. Mchezoni, mpeni Mtunza Daftari rula na kalamu nyekundu, apige mstari juu ya kila jina huku akilisoma kwa sauti. Kusoma majina kwa sauti kusirukwe. Namba 625 kwenye kioo ni namba tu.

Mkufunzi mwenzangu mmoja hakubaliani nami. Yeye husema wanachuo wafundishwe SQL kwanza, wiki nzima, na mkalimani aje baadaye, au asije kabisa. Hoja yake ina uzito, nami nimeeleza juu kwamba mkalimani aliundwa kwa ajili ya wajuzi. Lakini muda tuliopewa hautoshi, na mwanachuo wetu atakutana na mkalimani atake asitake, kwa sababu programu nyingi atakazopewa zimejengwa juu yake. Nionavyo mimi, jedwali la karatasi latosha kuwa mwanzo, mradi mwanachuo azoezwe kumtaka Mkalimani asome ombi lake kwa sauti kabla ya kuliamini. Kwenye mashine jambo hilo lawezekana kwa mstari mmoja:

print(wanafunzi.query)

Kioo kitaonyesha ombi la SQL aliloliandaa Mkalimani. Katika kipindi cha pili, mashine ikishawashwa, kila mwanachuo aonyeshe ombi lake kwa njia hiyo na kulieleza kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Wasioweza kulieleza warudi mezani kwa dakika tano. Hakuna aibu katika kurudi.

Tahadhari moja kwa watakaoliendesha somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha. Msichukue rejista ya kweli ya shule ili itumike kwa mchezo. Habari za watoto na wazazi wao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kadi za manila zina tabia ya kusahaulika juu ya madawati. Tungeni majina. Daftari la mchezo lipewe mistari tisa au kumi, isizidi hapo, kwa kuwa Mtunza Daftari huandika kwa mkono na darasa huchoka kumngoja.

Zoezi la kumalizia liwe la hesabu, lifanywe na kila mwanachuo peke yake. Mkondo mmoja una wanafunzi 52. Kila mwanafunzi anasoma masomo 6, na amefanya mitihani 3 katika kila somo. Mwandishi wa programu aliandika CASCADE katika majedwali yote. Mwalimu anaufuta mkondo huo. Je, ni kumbukumbu ngapi zitakazoondoka? Jibu ni 989. Aliyejibu 1 apewe kadi na penseli, aanze tena pale Amina alipoulizwa yuko wapi.